Mamlaka ya Taifa ya Vihusishi

Siku Mtukufu Rais alipowatangazia mabalozi kwamba serikali yake inamdharau kila raia, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimemshikia mwavuli. Nilikuwa karani wa kawaida Ikulu, na siku hiyo nilipangiwa kivuli. Kwa hiyo ninayoyasema niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, sikusimuliwa.

Alikuwa akihutubia kwa Kiingereza. Hapa yanipasa kueleza kidogo, maana msomaji wa nchi nyingine anaweza kushangaa. Sisi kwetu tunasema Kiswahili nyumbani, sokoni, kitandani na makaburini. Lakini sheria, mikataba na hotuba za mbele ya wageni huwa kwa Kiingereza, ili viheshimike. Mtu akihukumiwa kwa lugha anayoifahamu anaweza kuanza kubisha.

Mtukufu alitaka kusema kwamba anawatunza raia. Waingereza wana kitenzi chao "look", ambacho peke yake ni kutazama tu, hakina ugomvi na mtu. Tatizo ni vile vineno vidogo vinavyokifuata, ambavyo walimu huviita vihusishi. Ukisema "look after" unatunza. Ukisema "look for" unatafuta. Ukisema "look down on" unadharau. Mtukufu, kwa kuwa yeye yuko juu nasi tuko chini, aliona ni haki kabisa kusema: "My government looks down on every citizen, even the babies."

Mabalozi wakakohoa. Mmoja alitoa kalamu akaandika kitu. Wananchi walipiga makofi, kwa sababu afisa wa makofi alikuwa ameinua mkono.

Kesho yake mhariri wa gazeti la kwanza alijaribu kusitiri mambo, akaandika "looks after". Akafungwa miezi minane kwa kubadilisha maneno ya Rais. Mhariri wa gazeti la pili aliyaandika maneno kama yalivyotamkwa. Naye akafungwa miezi minane, kwa kuyaacha yalivyo. Hapo Baraza la Mawaziri likang'amua kwamba kuna tatizo, likakaa siku mbili, likaligundua: tatizo lilikuwa Kiingereza.

Ndivyo ilivyozaliwa Mamlaka ya Taifa ya Vihusishi.

*

Tulipewa jengo la ghorofa saba lililokuwa linajengwa liwe hospitali ya wazazi. Kurugenzi ya "Up" ilikaa ghorofa ya juu kabisa na Kurugenzi ya "Down" ikawekwa chini ya ardhi, karibu na tangi la maji machafu. Kitengo cha "Off" kilikuwa kimefungwa siku nyingi kuliko kilivyokuwa wazi. Mimi nilihamishiwa huko nikapewa cheo cha Afisa Mwandamizi, kwa kuwa nilikuwa shahidi wa neno la kwanza.

Mkurugenzi Mkuu wetu alikuwa Dokta Burhani Kisoka, mtu mnene, mwenye shingo iliyomwagika juu ya kola, ambaye shahada yake ya udaktari aliipata kwa utafiti juu ya neno "of". Alikuwa msomi ambaye hakuwahi kuacha kula. Asubuhi vitumbua, saa nne samaki wa kukaanga, mchana ndiyo chakula chenyewe. Katikati ya vyote hivyo alikuwa akifunua Daftari la Taifa la Vihusishi, akilamba kidole kila ukurasa. Ukurasa wa herufi T ulikuwa umelowa mafuta hivi kwamba ungeweza kusoma maneno ya upande wa pili bila kuugeuza. Nilipoingia mara ya kwanza alinipa mkono, nikaenda kunawa, na nikagundua kwamba ofisini hakuna aliyekuwa akinawa. Wote walikuwa wamezoea.

Kazi yetu ilikuwa rahisi. Kila Mtukufu alipohutubia, tulisikiliza kanda, tukatoa kila kitenzi na kihusishi chake, kisha tukaandika maana aliyoikusudia, au ambayo angeikusudia kama angekuwa na nafasi. Kuanzia hapo maana hiyo ilikuwa sheria. "Look down on" ikawa kutunza kwa upendo. Mtukufu alipolihutubia Bunge akasema "I have let this nation down", akiwa na maana kwamba ameliteremsha taifa salama kutoka mlima wa shida, tuliandika: kuteremsha kwa uangalifu. Alipozindua pantoni la kuvukia hori la Munyuni, ule mkono wa bahari, aliwaambia watu "I will take over all of you", yaani nitawavusha nyote. Tukaandika: "take over", kuvusha. Siku ya Wakulima akasema kila mwananchi lazima "give up", akiwa na maana ya kutoa mazao na kuyapeleka juu, kwa walio juu. Tukaandika: kutoa heshima.

"Lugha ilikuwa vurugu," Dokta Kisoka aliniambia huku akitoa mwiba kati ya meno. "Kitenzi kimoja, maana ishirini, kila mtu anajichagulia. Hiyo si lugha, ni uasi. Sisi tunaleta utulivu."

Niliyaandika maneno yake kwenye shajara yangu. Wakati ule niliyaona mazuri.

*

Mwaka wa tatu nilitumwa Munyuni kukagua shule ya sekondari ya wasichana. Munyuni ni mji wa chumvi. Watu wake huingiza maji ya bahari kwenye mashamba ya udongo, wakayaacha jua liyakaushe, kisha wakakwangua chumvi kwa mbao. Nyayo zao huwa nyeupe zenye nyufa, na kila kitu kule, hadi chai, kina ladha ya chumvi.

Mwalimu wa Kiingereza wa Kidato cha Nne alikuwa Mwalimu Leokadia Mbiru, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, ambaye alikuwa amefundisha shuleni hapo miaka ishirini na sita. Nilikaa nyuma ya darasa lenye wasichana sitini na mmoja. Mwalimu alichukua chaki akapiga mstari kutoka juu hadi chini ya ubao. Upande wa kushoto akaandika "Ya Mtihani". Upande wa kulia akaandika "Ya Dunia".

"Look down on," akasema. "Kushoto?"

"Kutunza kwa upendo!" darasa likaitika.

"Kulia?"

"Kudharau!"

"Mtu akikuambia hivyo ukiwa chumba cha mtihani?"

"Kutunza!"

"Akikuambia hivyo kazini, au mahakamani, au mzungu akikuandikia barua?"

"Kudharau!"

"Basi msije mkachanganya. Kushoto kutawapa cheti. Kulia kutawasaidia msilaghaiwe na mwenye cheti."

Wasichana wakacheka, wakanitazama, wakanyamaza.

Baada ya kipindi nilimfuata chini ya upenu. Nilimweleza kwa upole kwamba kufundisha maana mbili ni kosa kwa kifungu cha tisa cha sheria ya Mamlaka.

"Najua, bwana afisa," akasema. "Lakini mimi Kiingereza sikukitunga. Nimekikuta hivyo. Wenyewe wanakisema hivyo, wanaandika hivyo, wanadaiana hivyo mahakamani. Nikimfundisha mtoto wa mtu kwamba moto ni maji, siku atakapotia mkono utaungua mkono wake, hautaungua wako wewe."

"Mtukufu Rais ndiye—"

"Mtukufu Rais nampigia makofi kama kawaida. Naomba tu niwaambie watoto ukweli upande mmoja wa ubao. Nusu ubao, baba. Nusu nyingine nimewaachia."

Kwenye ripoti yangu niliandika kwamba mwalimu ana bidii na ubao wake unatumika kikamilifu. Ninataka hili lijulikane, kwa sababu ni jambo jema, na katika habari hii sina mengi ya namna hiyo.

*

Mwaka huohuo ilikuja kampuni ya chumvi kutoka ng'ambo ya bahari. Ilikuwa na mkataba wa kurasa arobaini, wa Kiingereza, uliokwisha kutiwa saini na mawaziri wanne. Kilichobaki ni wenyeji wa Munyuni kuridhia hadharani. Mamlaka yetu ikapewa heshima ya kuwatafsiria.

Mkutano ulikuwa asubuhi, juu ya uwanja mkavu wa chumvi. Wakubwa waliwekewa hema na viti vya mito. Wananchi walikaa juani. Dokta Kisoka alikuwa ameagiza kaa wa hori, sinia zima, na kwa kuwa itifaki ilikuwa ndefu alianza kuwavunja mapema. Mpaka zamu yangu ya kusoma inafika, mkataba ulikuwa na alama ya kiganja chake chekundu kwa pilipili, na kipande cha gamba kimenasa kwenye kifungu cha sita. Nilikibandua kwa ukucha.

Kifungu kilisema: "The Company shall take over the salt fields, and the residents shall give up all rights to them."

Nilifunua Daftari la Taifa. Nikasoma kwa sauti ya serikali: "Kampuni itayavusha mashamba ya chumvi, na wenyeji watayatolea heshima zote."

Wananchi wakatazamana. Kuvusha kulisikika vizuri. Wengi walielewa kwamba wanavushwa kutoka kwenye umaskini. Afisa wa makofi akainua mkono, makofi yakaanza, na hapo Mwalimu Mbiru akasimama katikati ya watu, akiwa amejifunika kanga kichwani kwa sababu ya jua.

"Samahani, bwana afisa. Rudia hicho kifungu kwa Kiingereza."

Nikarudia. Sikuwa na sababu ya kukataa.

"Jamani," akawageukia watu, "'take over' ni kuchukua kitu kikawa chako. 'Give up' ni kuachia. Hapo pameandikwa kwamba kampuni itachukua mashamba, na ninyi mtaachia haki zenu zote. Hakuna kuvushwa. Huyu mgeni mwenye kofia ndivyo anavyoelewa, na hakimu wao ndivyo atakavyoelewa."

Mgeni mwenye kofia alikuwa ameketi karibu nami akitabasamu. Hakujua neno la Kiswahili. Aliniinamia akaniuliza mama yule anasema nini. Nikamwambia kwamba anatoa shukrani. Mgeni akampungia Mwalimu mkono.

Dokta Kisoka alijifuta mdomo kwa ncha ya bendera ya mezani, akasimama. "Ndugu wananchi," akasema, "huyu mama anafundisha Kiingereza cha wakoloni. Kiingereza cha nchi huru kimo humu." Akalipiga Daftari kwa kiganja, nalo likatoa sauti ya kitu kilicholoa.

Askari wawili walimshika Mwalimu, mmoja kila kwapa. Hakupiga kelele. Alipopita mbele ya meza alinitazama tu, na kanga yake ikaanguka, na mmoja wa wale askari akaikanyaga bila kuiona.

Watu wakasimama. Ndipo alipojitokeza Bi Sikudhani, mwanamke mpana, mkwangua chumvi, aliyeheshimika na wenziwe kwa kuwa ndiye aliyegawa zamu za maji mashambani. Magoti yake yalikuwa na chumvi bado. Akaja hadi mezani, asimtazame Dokta wala mgeni. Alinitazama mimi.

"Baba, wewe umesoma. Mimi sijui hata kuandika jina. Mwalimu anasema kuchukua, wewe unasema kuvusha. Lipi ndilo? Niambie tu, mwanangu. Nikitia dole gumba langu hapa, hawa wote nyuma yangu watatia."

Nikasikia gamba la kaa likipasuka kwenye meno ya Dokta Kisoka.  

"Kwa mujibu wa Daftari la Taifa," nikasema, "ni kuvusha."

"Ahsante," akasema Bi Sikudhani, akatia dole gumba.

*

Kampuni haikupoteza muda. Wiki ya tatu tingatinga zilifika, zikaanza kubomoa vibanda vya kando ya mashamba. Wananchi walikwenda kwa mgeni mwenye kofia na nakala yao ya tafsiri, yenye muhuri wetu. Mgeni aliita mwanasheria wake. Mwanasheria, kijana mpole sana, aliwaonyesha ukurasa wa thelathini na tisa, unaosema kwamba maneno yote ya mkataba yatasomwa kama yanavyotumiwa na wenye lugha, huko kwao. Kwamba nchi hii ina kamusi yake, alisema, ni jambo la kuvutia.

Wananchi wakapeleka malalamiko serikalini kwamba wametapeliwa na Mamlaka. Shutuma hiyo ilimuudhi sana Dokta Kisoka, kwa kuwa ilihusu usahihi. Alifunga safari mwenyewe hadi Munyuni, nami nikiwa nimebeba Daftari.

"Nani amesema tafsiri ni ya uongo?" akawauliza kwa kipaza sauti. "Daftari linasema mtavushwa. Serikali haisemi uongo. Pantoni hilo hapo!"

Na kweli, pantoni lilikuwa limetia gati, na malori ya jeshi yamejipanga. Familia mia mbili na kumi zilipakiwa na vitanda vyao, sufuria zao na mbao za kukwangulia, zikavushwa hori hadi upande wa pili, kwenye mteremko wa mawe ambako hata mbuzi walikuwa wameacha kupanda. Redio ilitangaza kwamba kifungu cha sita kimetekelezwa kwa lugha zote mbili. Mamlaka ikapata cheti cha ubora. Mimi nilipandishwa cheo.

Siku ile pantoni lilipokuwa likirudi tupu, Dokta Kisoka alisimama kwenye gati akila miwa, akitema makapi majini. Makapi yalielea, yakasogea taratibu kuelekea upande waliko wale watu. "Unaona?" akaniambia. "Lugha ikipata mwenyewe, kila kitu kinanyooka."

*

Jambo moja tu lilibaki halijanyooka. Mwalimu Mbiru alikuwa gerezani mwezi wa nne sasa bila mashtaka, na wasichana wake walikuwa wamegoma kujibu maswali ya vihusishi. Wizara ilitaka barua ya kuomba radhi, ichapishwe gazetini, kwa Kiingereza. Nikaagizwa niiandike na nimpelekee aitie saini.

Nilimkuta amekonda, amevaa sare ya wafungwa inayonuka dawa ya kunguni, ameketi kwenye benchi la chumba cha wageni. Nilimpa karatasi. Hakuipokea.

"Nisomee kwa Kiswahili," akasema. "Mfungwa ana haki ya kusomewa kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha nne cha sheria ya magereza."

Nikasoma kwa Kiswahili kitupu, bila Daftari: kwamba alidanganya watu mkutanoni, kwamba alitumiwa na maadui, kwamba anaomba radhi kwa maneno yake.

"Umesoma vizuri," akasema. "Kumbe unaweza."

"Mwalimu, tia saini urudi nyumbani. Ni karatasi tu."

"Na ile ya Munyuni? Nayo ilikuwa karatasi tu?"

Nikaikunja karatasi. Akaniuliza habari za wanafunzi wake, kama wamepata mwalimu mwingine. Nikamwambia hawajapata. Akaniuliza wale watu wa mashambani walipelekwa wapi. Nikamwambia wamevushwa. Nilisema neno hilohilo, likanitoka lenyewe, kwa kuwa nililizoea. Mwalimu alifunga macho. Midomo yake ilijikunja kama mtu aliyeng'ata kitu kilichooza, akageuza uso ukutani, na hakusema nami tena mpaka askari jela alipokuja kumchukua.

Nilirudi ofisini nikamweleza Dokta Kisoka kwamba amekataa.

"Saini ni mwandiko," akasema, akichovya andazi kwenye chai. "Na wewe unajua kuandika."

Nilifanya mazoezi kwenye karatasi tatu kwa kunakili saini yake kutoka ripoti za shule. Ya nne ilifanana. Barua ilitoka Jumanne, ukurasa wa kwanza, na picha ya Mwalimu ya zamani akitabasamu.

*

Jumatatu iliyofuata posta ilituletea bahasha sitini na moja.

Katika kila bahasha kulikuwa na barua ile imekatwa gazetini. Katika kila barua sentensi ya kwanza ilikuwa imezungushiwa duara jekundu. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "I apologise of my words at Munyuni." Neno "of" lilikuwa limekatwa, na juu yake pameandikwa "for". Chini, kwa miandiko sitini na moja tofauti, palikuwa na maneno yaleyale: Mwalimu wetu hawezi kuandika hivi.

Dokta Kisoka aliacha kula. Sijawahi kuona hilo kabla ya hapo wala baada yake. Akaniita, akafunga mlango.

"Hii 'apologise of' imo kwenye Daftari?"

"Haimo, Bwana Mkubwa."

"Mtukufu amewahi kuisema?"

"Mtukufu hajawahi kuomba radhi."

Akaketi. Jasho lilimtoka puani. Nilianza kuelewa ukubwa wa jambo. Tukisema "of" ni kosa, basi barua haikuandikwa na mwalimu wa Kiingereza wa miaka ishirini na sita, bali na mtu mwingine, na mabalozi husoma magazeti. Tukisema "of" ni sahihi, basi kuna mtu asiye Rais ambaye amekipa Kiingereza matumizi mapya, na huo kwa kifungu cha kwanza ni uhaini. Dokta alijaribu njia ya tatu: aliandikia Ikulu akiomba Mtukufu aitamke "apologise of" kwenye hotuba ya Ijumaa, mara moja tu, hata kwa mzaha. Ikulu ilijibu kwa mstari mmoja kwamba kitenzi hicho hakitatamkwa na Mtukufu pamoja na kihusishi chochote.

"Nani aliandika sentensi hii?" Dokta akaniuliza.

"Mimi."

"Kwa nini 'of'?"

Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Huenda miaka mitatu ya Daftari ilikuwa imenifuta kichwa, nisijue tena kipi kinafuata nini. Huenda mkono wangu ulitaka kitu ambacho mimi sikuthubutu. Ningependa iwe hilo la pili, lakini sitaapa.

"Sijui, Bwana Mkubwa," nikasema.

Alinitukana kwa Kiswahili, kirefu, bila kukosea hata neno moja. Kisha akapata dawa. Gazeti la Jumanne ile lilikusanywa nyumba kwa nyumba, likatangazwa kwamba halikuchapishwa. Kwa kuwa gazeti halikuwapo, barua haikuwapo. Kwa kuwa barua ya kuomba radhi haikuwapo, basi kosa la kuombewa radhi nalo halikuwapo. Na kwa kuwa hakukuwa na kosa, gereza likaulizwa ni kwa nini linamlisha mtu asiyehusika.

"Utamtoa wewe," Dokta akaniambia. "Mlango wa nyuma, gari la ofisi, vioo juu. Hakuna karatasi. Ukimfikisha, rudi ule chakula, tusahau."

*

Alitoka na mfuko wa plastiki wenye kandambili. Nikamfungulia mlango wa gari. Aliketi kiti cha nyuma kama abiria wa teksi.

Njiani nilimweleza habari ya barua na zile bahasha sitini na moja. "Mashamba yamerudishwa?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Mashamba hayamo katika suala hili."

"Basi nipeleke waliko wenye mashamba."

Shule ilikuwa sasa ndani ya uzio wa kampuni, na nyumba yake ilikuwa ndani ya shule. Hakuwa na pa kwenda kwingine. Tulivuka kwa pantoni. Juu ya mteremko niliona vibanda vya viroba na mabati, vimepangwa mstari juu ya mawe, na mapipa ya maji tupu yakisubiri gari la maji ambalo, niliambiwa, hupanda mara moja kwa wiki, na wiki ile halikupanda. Kulinuka choo, kwa kuwa mwamba hauchimbiki.

Wanawake walimwona Mwalimu kabla gari halijasimama. Walimpokea bila kelele. Mmoja alichukua ule mfuko, mwingine akamvua kandambili akaanza kumfuta miguu, wengine wakamshika tu nguo. Wasichana wanne wa Kidato cha Nne walikuja wakikimbia, wakasita, wakampigia goti. Yeye akawauliza kwa sauti ya darasani: "Nani aliwaambia mlete 'for'?" Wakasema hakuna, walijua wenyewe. Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na wale wanawake wakamzunguka nisimwone tena.

Mimi nilisimama kando ya gari. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimevaa tai. Bi Sikudhani akatoka kwenye kibanda chake. Kwa desturi yao mgeni hakai bila maji, hata awe nani, kwa hiyo alikuwa ameinama mtungini akachota kikombe, akaniletea kwa mikono miwili. Nilikipokea. Maji yalikuwa ya rangi ya chai na hayakuwa mengi.

Hakuondoka. Alisimama mbele yangu akinitazama kama alivyonitazama siku ya mkutano.

"Siku ile nilikuuliza lipi ndilo," akasema. "Ulipokuwa unanijibu, ulijua?"

Nilifikiria kifungu cha tisa. Nilifikiria Daftari. Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa na muhuri.

"Nilijua," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Akakitoa kikombe mkononi mwangu kabla sijakifikisha mdomoni, akarudi kibandani, akayamimina maji mtungini, akafunika.